Harusi ya Mtwapa Ambayo Haikuwepo

SEHEMU YA 1: Neno letu wenyewe

Mfululizo wa chanjo tumeumaliza. Kama nilivyoahidi, wiki hii ni zamu ya swali ambalo mmeniuliza wengi, wachache hadharani na wengi kwa siri: hizi habari za ndoa za jinsia moja zimetoka wapi, zimefika wapi, na sisi watu wa pwani zinatuhusu nini?

Nitaeleza kama historia, kwa miaka na majina ya mahali. Sitawaambia muamini nini. Msimamo wa msikiti mnaujua, wa kanisa mnaujua, na Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Mimi ni nesi, na kinachonisukuma kuandika ni cha kinesi. Habari ya ndoa hizi ikifika kwetu kama uvumi, anayeumia si yule aliyefunga ndoa Ulaya. Anaumia mgonjwa wa hapa hapa, na baada yake anaumia mke wake, na mtoto aliye tumboni. Hilo lilishatokea, tena karibu yetu, na nitawapeleka mpaka hapo.

Tuanze na neno. Hapa Ngamiani mwanamke akimwita mwenzake "shoga" wazee hawashtuki. Shoga yangu ni mwenzangu wa kuazimana kanga, wa kusukana, wa kusindikizana kliniki. Bibi zetu walilitumia hivyo na kamusi za Kiswahili za zamani zimeliandika hivyo. Siku hizi mabinti wanaliogopa, maana likisikika redioni au likiandikwa mtandaoni linataja wanaume. Kwa wenzetu wa Mombasa maana hiyo ya pili si mpya. Miaka ya 1980 watafiti walishaiandika.

Tena si neno hilo tu. Mwaka 1899 jarida moja la kitaalamu la Berlin lilichapisha makala fupi kuhusu Zanzibar, na ndani yake kuna maneno ya Kiswahili kama "mke-si-mume", "hanithi" na "msagaji". Mwaka 1899, jamani! Televisheni haijazaliwa, sheria ya Mwingereza haijafika Tanga, reli ya Mjerumani kutoka Tanga ndiyo kwanza inapanda kuelekea milimani. Lakini maneno yapo, na mtu hapewi jina kama hayupo.

Msinielewe vibaya. Sisemi watu hao walikubalika. Hanithi ni tusi leo na lilikuwa tusi wakati huo. Nasema walijulikana, waliishi mitaani na ndugu zao, na hakuna aliyekuwa akizungumzia ndoa. Kwa hiyo anayekwambia kwamba jambo hili limeletwa juzi na filamu za kizungu, mwambie akawaulize wazee wa pwani maneno hayo walianza kuyasikia lini.

SEHEMU YA 2: Sheria ilikotoka

Jana mlijaza maoni mpaka nikashindwa kuyasoma yote. Wengi waliandika: "Lakini sheria yetu inakataza." Ndiyo, inakataza. Hebu tuone ilikotoka.

Mwaka 1860 Waingereza waliandika Kanuni ya Adhabu kwa ajili ya India. Ndani yake walitia kifungu cha 377, kuhusu kuingiliana "kinyume na maumbile". Kanuni hiyo ya India ikapandishwa meli, ikaletwa Afrika Mashariki pamoja na rupia na makarani. Tanga ilitoka mikononi mwa Wajerumani mwaka 1916, na Mwingereza alipoanza kuitawala Tanganyika alitumia kwanza hizo hizo sheria za India. Mwaka 1930 tukapata Kanuni ya Adhabu yetu, na kifungu cha 154 kikabeba maneno yale yale. Adhabu ilikuwa hadi miaka 14 jela.

Mwaka 1998 Bunge letu lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, ambayo kusudi lake kubwa lilikuwa kuwalinda wanawake na watoto dhidi ya ubakaji na ulawiti. Sheria hiyo ndiyo iliyopandisha adhabu ya kifungu cha 154 ikawa si chini ya miaka 30, na inaweza kufika kifungo cha maisha.

Kuna jambo hapa kinamama wengi hawalijui. Kifungu cha 154 hakisemi "wanaume wawili" peke yake. Kinasema mtu yeyote. Mume anayemwingilia mkewe kinyume na maumbile anaguswa na kifungu hicho hicho. Nalisema kwa sababu wapo wanaofika hospitali na michubuko na maumivu, wanatazama chini, wanasema "nimeanguka". Dada yangu, si aibu yako. Mweleze nesi ukweli upate matibabu sahihi.

Sasa tumwangalie aliyetuletea sheria. Uingereza na Wales walifuta ya kwao mwaka 1967 kwa watu wazima wanaokubaliana faraghani, miaka sita baada ya sisi kupata Uhuru. India, kulikoandikwa kile kifungu cha 377, Mahakama ya Juu ilikiondolea nguvu kwa watu wazima waliokubaliana tarehe 6 Septemba 2018. Jirani zetu wa Msumbiji waliacha vifungu vya Wareno mwaka 2015 walipoandika kanuni mpya. Rwanda hawana kifungu cha namna hiyo. Burundi hawakuwa nacho, wakakiweka mwaka 2009. Mnaona kwamba Afrika Mashariki hii hii, watu wa rangi moja na dini zile zile, kila nchi imeshika njia yake.

Kwa hiyo ukisema "hii ni sheria yetu" umesema kweli, kwa maana Bunge letu limeishika na kuiongezea nguvu. Ukisema "hii ni mila yetu", hapo simama kidogo. Maneno yake yaliandikwa na Mwingereza.

SEHEMU YA 3: Ndoa zilivyoanza huko zilikoanza

Leo ndiyo lile swali lenyewe. Ndoa hizi zilianzaje, na mbona zinakubalika nchi nyingi hivi?

Wengi tunadhani zilianza kwa sherehe. Sehemu kubwa ya historia yake imeanzia wodini. Miaka ya 1980 UKIMWI ulipoingia Marekani na Ulaya uliua wanaume wengi vijana waliokuwa wakiishi wawili wawili. Mgonjwa yuko kitandani hajitambui. Aliyeishi naye miaka kumi yuko mlangoni, na nesi wa zamu anamuuliza: "Wewe ni nani yake?" Kisheria si mtu yeyote. Haruhusiwi kuingia, hatii saini ya upasuaji, hakabidhiwi maiti. Baada ya mazishi ndugu ambao hawakuwahi kuja kumwona mgonjwa wanafika na kumtoa yule mwenzake nyumbani. Kila nesi anaijua hiyo "wewe ni nani yake?" maana tunaiuliza kila zamu. Watu wale walianza kudai karatasi ya kuwafanya kuwa "mtu wake", na karatasi ambayo kila hospitali na kila mahakama inaitambua ni cheti cha ndoa.

Upande wa utabibu nao ulikuwa umebadilika. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa. Shirika la Afya Duniani likafuata tarehe 17 Mei 1990. Ndiyo maana leo hakuna dawa wala sindano ya "kutibu" hali hiyo, na anayekuuzia anakuibia hela.

Denmark walianza mwaka 1989 kwa kusajili wenza, bila kuita ndoa. Uholanzi wakawa wa kwanza duniani kufungua ndoa yenyewe, tarehe 1 Aprili 2001. Hispania na Kanada zikafuata mwaka 2005. Afrika ni nchi moja, Afrika Kusini, mwaka 2006, baada ya Mahakama ya Katiba kulipa Bunge muda wa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Argentina ilifuata mwaka 2010. Mwaka 2015 Ireland, nchi ya Wakatoliki, ilipiga kura ya maoni na watu 62 kati ya kila 100 wakasema ndiyo, na mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani ikazifungua majimbo yote. Taiwan ilikuwa 2019, Thailand Januari 2025. Leo ni nchi zaidi ya 35.

Mama mmoja ameniuliza: "Kwa hiyo na sisi tutalazimishwa?" Angalia hiyo orodha vizuri. Kila nchi iliyobadilika ilibadilishwa na Bunge lake, mahakama yake au kura za watu wake. Hakuna mkataba wa Umoja wa Mataifa unaoiamuru nchi kufungisha ndoa hizo. Na zipo zilizokataa. Uganda waliandika katazo kwenye katiba yao mwaka 2005. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 45, inasema mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. India hao hao waliofuta kosa la jinai mwaka 2018, mwaka 2023 mahakama yao ilisema ndoa ni kazi ya Bunge, si yake. Kufuta kosa la jinai ni jambo moja, ndoa ni jambo jingine, na huduma ya afya ni la tatu. Tukiyachanganya haya matatu ndipo tunapoanza kugombana na watu ambao hawajadai hata kimoja.

Kabla sijafunga, wengi mmeandika kwamba mwanamke kuoa mwanamke halijawahi kusikika Afrika. Waulizeni Wakurya wa Mara kuhusu nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamuoa mwanamke kijana kwa mahari, watoto watakaozaliwa wanahesabiwa wa nyumba yake, na mali haipotei. Si mapenzi ya jinsia moja, hilo lieleweke. Ni ndoa ya kulinda mirathi na uzee. Wanandi wa Kenya wanayo pia, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya mirathi. Wahenga hawa nao walikuwa wakijiuliza nani atakuwa mtu wa nani mwenye nyumba akifa.

SEHEMU YA 4: Mtwapa, Februari 2010

Sasa tupande gari. Ukitoka Tanga ukavuka Horohoro, ukapita Lunga Lunga na Ukunda, ukavuka kivuko cha Likoni, unaingia Mombasa. Ukiendelea na barabara ya Malindi, mbele kidogo unaikuta Mtwapa. Ni watu kama sisi: misikiti, makanisa, vibanda vya viazi, hoteli za watalii.

Mtwapa palikuwa na kituo cha KEMRI, taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa tiba. Kituo hicho, pamoja na kazi nyingine, kilikuwa kinapima VVU, kinatoa ushauri na dawa, na kilipokea pia wanaume wanaolala na wanaume. Kwa nini kiwapokee? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yanajibu. Watafiti waliwapima wanaume 285 wa Mombasa na maeneo ya karibu. Kati ya waliosema wanakutana na wanaume tu, 43 kati ya kila 100 walikuwa na VVU. Kati ya waliosema wanakutana na wanaume na wanawake pia, walikuwa 12 kati ya kila 100.

Soma hiyo namba ya pili tena, mama. Wanaume na wanawake pia. Maana yake wapo wenye wake na wachumba. Mwanamke huyo yuko nyumbani, mjamzito pengine, hajui lolote. Kirusi hakijui nani ni mke wa ndoa. Ukikifunga kituo kinachompima mumewe, umemfungia na yeye.

Hewa ya mwanzo wa 2010 ilikuwa imechafuka. Oktoba 2009 Wakenya wawili wanaume waliandikisha uhusiano wao kisheria London, magazeti ya Nairobi yakaishangilia habari kwa wiki nzima, na ndugu zao kijijini wakasumbuliwa kwa jambo lililofanyika maelfu ya kilomita. Mwezi huo huo mbunge wa Uganda, David Bahati, alipeleka bungeni muswada uliokuwa na adhabu ya kifo. Desemba, huko Blantyre, Malawi, wawili walifanya sherehe ya uchumba wakakamatwa. Na Kenya yenyewe ilikuwa inaandika katiba mpya. Kila mtu alikuwa anasikiliza neno "ndoa" kwa sikio lililosimama.

Hapo ndipo uvumi ukaingia Mtwapa: wanaume wawili wataoana hapa. Mnajua uvumi unavyotembea. Hapa kwetu ukianzia Barabara ya Tano, ukifika ya Kumi na Tano umeshaota pembe na mkia. Alhamisi tarehe 11 Februari viongozi wa dini, wa Kiislamu na wa Kikristo pamoja, waliita waandishi wa habari, wakalaani harusi hiyo na kutaka kituo cha KEMRI kifungwe. Ijumaa tarehe 12 umati wa mamia ya watu ukaenda.

Ulikwenda wapi? Si ukumbini, maana ukumbi haukuwepo. Hakukuwa na bwana harusi, hakukuwa na walioalikwa, hakukuwa na sufuria ya pilau jikoni. Umati ulikwenda kliniki. Ukakizunguka kituo, watu wakakamatwa na kupigwa, polisi wakawachukua wengine kituoni, na baadaye wakaachiwa bila mashtaka. Kesho yake mtu mwingine aliyekuwa akijitolea na KEMRI alipigwa.

Harusi haikuonekana kwa sababu haikuwepo. Lakini mlango uliopigwa ulikuwepo, na nyuma yake kulikuwa na faili za wagonjwa, dawa za kufubaza VVU, na wauguzi wa zamu. Fikiria mtu aliyetakiwa kurudi Jumatatu kuchukua dawa zake. Anarudije? Na asiporudi, dawa zinakatika, kirusi kinapanda, na anayelala naye anakipata. Huo uchungu haukuandikwa gazetini.

SEHEMU YA 5: Baada ya mawe

Mmeniandikia wengi usiku: "Nesi, hii hatukuwahi kuisikia." Ndiyo maana nimeiandika. Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hii nayo ni historia na ina sehemu njema.

Wale watafiti wa pwani ya Kenya hawakufunga virago. Walianza na sisi wauguzi. Wahudumu wa afya 74 wa pwani walifundishwa jinsi ya kumhudumia mgonjwa wa namna hii bila kumtukana, kumhubiria wala kutoa siri yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: miezi mitatu baada ya mafunzo ujuzi ulikuwa umepanda na chuki imepungua, hasa kwa wale waliokuwa na chuki kubwa mwanzoni. Baadaye waliketi na masheikh na wachungaji wa pwani hiyo hiyo, kwa mafunzo ya siku kadhaa. Hawakuwaomba wafungishe ndoa wala wabadili aya. Waliwaomba jambo moja, kwamba mgonjwa asipigwe na asizuiwe dawa. Wengi walitoka wakiwa wamelegeza ukali.

Lakini mawe hayakuisha. Mwaka 2015 huko Ukunda, Kaunti ya Kwale, wanaume wawili walikamatwa na kupelekwa hospitali ya serikali Mombasa wakapimwe kwa nguvu sehemu zao za siri ili ipatikane "ushahidi". Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliona si kosa. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani, hapo hapo Mombasa, ikasema ni kinyume cha katiba. Chama cha madaktari wa Kenya kilikuwa kimeshalaani upimaji huo mwaka 2017, na chama cha madaktari duniani pia. Kitaalamu kipimo hicho hakithibitishi chochote. Misuli ya mtu haiandiki jina la aliyelala naye. Kumfanyia mtu hivyo bila ridhaa yake ni ukatili uliovaa koti jeupe.

Kumbukeni kwamba mahakama za Kenya hazijafuta sheria yenyewe. Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliviacha vifungu vya mkoloni vilivyo. Huyo huyo Mkenya, kwa mkono mmoja sheria imebaki, kwa mwingine daktari amekatazwa kumtesa mgonjwa.

Uganda ni mfano mkali zaidi. Sheria yao ya 2023 ni kali kuliko zote Afrika Mashariki, na Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa. Lakini ilifuta kifungu kilicholazimisha watu, wahudumu wa afya wakiwemo, kwenda kuwaripoti wengine. Majaji waliona kinagonga haki ya afya na ya faragha. Kama mahakama iliyoikubali sheria ile imeona mlango wa kliniki usiguswe, mimi na wewe wa Ngamiani tuna sababu gani ya kuugusa?

Na kwetu? Mwaka 2016 Wizara ya Afya ilipiga marufuku ugawaji wa vilainishi uliokuwa ukifanywa na mashirika. Februari 2017 waziri wa wakati huo, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, binti wa Tanga hii hii, alitangaza kusitishwa kwa huduma za UKIMWI kwenye vituo 40 vya watu binafsi vilivyodaiwa kuhamasisha mapenzi ya jinsia moja. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka watu hao. Siku chache baadaye, tarehe 4 Novemba, Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba hayo ni mawazo yake binafsi na si msimamo wa serikali.

Wakati huo huo, na hili wengi hawalijui, Wizara ya Afya ina mwongozo wa kitaifa wa huduma za VVU kwa makundi maalumu, wa mwaka 2014, ukarekebishwa 2017. Unataka wahudumiwe bila unyanyapaa. Na Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza ubaguzi na kutoa siri za mgonjwa. Haisemi "isipokuwa fulani". Kwa hiyo muuguzi anayemfukuza mgonjwa dirishani kwa sababu ya mwendo wake au sauti yake hatekelezi sheria ya nchi. Anaivunja.

SEHEMU YA 6: Sasa sisi kinamama

Hii ndiyo ya mwisho, na ni ya nyumbani zaidi.

Kwanza, tutenganishe mambo. Kila nikiandika mada hii naona maoni yanayosema "wanaharibu watoto wetu". Mtoto kulawitiwa ni ukatili na ni jinai, awe wa kiume au wa kike, aliyefanya awe jirani, mwalimu, ustadhi, mchungaji au baba mdogo. Historia niliyoieleza siku hizi tano inahusu watu wazima. Tukivitia vyote kapu moja, yule anayedhuru mtoto anapata pa kujificha, maana tunamtafuta kijana mwenye sauti nyororo wakati mkosaji ni bwana anayeheshimika mwenye mke na watoto. Mtoto akidhuriwa usimwogeshe, usifue nguo zake, mlete hospitali mara moja. Dawa ya kuzuia VVU inafanya kazi ikianza ndani ya saa 72, na ikianza mapema ni bora zaidi. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba ya simu ya watoto ni 116, bure.

Pili, uvumi. Ukitumiwa kwenye grupu la WhatsApp kwamba sijui mtaa gani kuna harusi ya wanaume, kumbuka Mtwapa. Usisambaze. Kama una wasiwasi wa kweli, mjumbe wako yupo, polisi wapo. Ukisambaza, huwezi kujua umati utaishia mlango wa nani. Mara nyingi unaishia kwa mtu aliyekuwa amekaa nyumbani kwake anakula.

Tatu, kliniki ya wajawazito. Tunaposema njoo na mwenza wako mpime wote wawili, si mchezo na si kukutia mashakani. Zile namba za Mombasa ni sababu mojawapo. Pima mwanzo wa ujauzito, rudia tunapokuambia, na usimpime mume kwa macho. Ukikutwa na maambukizi na ukatumia dawa vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa salama na akanyonya.

Nne, kumuozesha mtu kwa nguvu. Nawaomba mnisikilize hapa. Familia ikimshuku kijana, haraka haraka anatafutiwa mchumba, mahari inatoka, ngoma inapigwa, "akioa ataacha". Mnamjua yule binti aliyeletwa? Ana ndugu? Ana mama? Yeye ndiye anayebeba dawa hiyo ya familia, na hakuulizwa. Wapo wanaokuja kwetu wana miaka mitatu ya ndoa, wanajilaumu kwamba wao ni wabaya, wamekunywa kila dawa ya mapenzi, kumbe tatizo halikuanza kwao. Harusi ya namna hiyo inapikiwa pilau na ina walioalikwa, na hakuna umati unaokuja kuipinga. Lakini inamuumiza mwanamke kweli kweli.

Tano, ni kwa mama ambaye ana mtoto wa namna hiyo, au anashuku. Najua mpo, maana mmeniandikia. Mmoja ameniuliza, "Nimfukuze au nimfiche?" Mama, usimfukuze na usimtoe kwa wanaume wa mtaa wakamfundishe adabu. Kijana wa miaka 17 akifukuzwa Ngamiani hageuki mwingine. Analala stendi, na huko stendi wapo wanaomsubiri. Huwezi kukubaliana naye? Sawa, hiyo ni kati yako, yeye na Mola wako. Endelea kumpikia, ajue ana pa kulala, ajue akiugua wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Muulize kama amepima. Kama anaogopa kuja peke yake, njoo naye. Akiulizwa pale dirishani "wewe ni nani yake?", jibu unalo: "Mimi ni mama yake."

Na kwenu wauguzi wenzangu mnaosoma kimya kimya: faili ni faili. Lisomwe na anayepaswa, lifungwe, lirudishwe kabatini. Tukitoa siri ya mmoja, mtaa mzima unaacha kuja kupima, na kinamama niliowaandikia haya ndio wa kwanza kulipa.

Maoni yako wazi. Ubishani ruksa, matusi nitayafuta. Picha ya mtu yeyote au jina la mtu yeyote wa mtaani likitajwa nitalifuta pia, na aliyelitaja nitamtoa. Wenye maswali ya siri niandikieni, nitajibu nikitoka zamu ya usiku.

Jumatatu tunaanza mfululizo wa upungufu wa damu kwa wajawazito: mchicha, dagaa, vidonge vyekundu, na kwa nini chai juu ya chakula inatuharibia. Usiku mwema, shoga zangu.